Kiti cha Kushoto

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri juu ya Kiogoro. Ishmael Nyasani alifunga mkanda, akabonyeza kitufe cha kuwasha gari, na kabla hajafika langoni kengele ikaanza kulia. Ting. Ting. Ting. Kwenye dashibodi ikawaka ile taa nyekundu ya mtu aliyekaa bila mkanda. Akautazama mkanda wake. Umefungwa. Akaitazama taa tena. Ilikuwa inamlalamikia abiria wa kiti cha kushoto, na kwenye kiti cha kushoto hakukuwa na mtu, hakukuwa na mfuko, hakukuwa hata na gazeti.

"Ni waya hii," akajiambia. Gari lilikuwa limetoka gereji jana yake tu. Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kiti kile kitupu, akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala juu ya ngozi ya kiti. Ulijivuta taratibu, ukajikaza, ukabaki umetuna shibiri nzima mbele ya kiti, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa.

Ishmael aliuangalia kwa muda ambao chai ingepoa. Halafu akazima gari, akarudi ndani, akamwambia mkewe Persis kwamba leo anapanda boda.

"Na gari?" Persis akauliza, mtoto yuko mgongoni.

"Halijapoa."

"Si ndiyo mara ya kwanza linatoka leo? Limepata moto saa ngapi?"

Uongo wa Ishmael ulikuwa umekwisha kwa siku hiyo, na tayari alikuwa na mmoja mkubwa uliokula nguvu zake zote.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa la kaka yake, Duncan, aliyeko Marekani mwaka wa kumi na mbili huu, na alilituma nyumbani libebe maharusi. Jeusi, usukani kulia, pua ndefu, milango miwili, injini ya silinda nane. Likipita sokoni kuku walikimbia na wazee wakasema hiyo si gari, hiyo ni ng'ombe dume. Gia zake zilijibadilisha zenyewe, lakini dereva akitaka ubishi kulikuwa na vibao viwili nyuma ya usukani: cha kushoto cha kushusha gia, cha kulia cha kupandisha. Ukikivuta kwa kidole, tak, gari linatii papo hapo. Halafu kulikuwa na kitufe kimoja kidogo karibu na redio. Hicho ndicho cha traksheni, kile kitu kinachoyashika magurudumu yasiteleze.

"Hicho kitufe usikizime," Duncan alimwambia kwa simu, si mara moja. "Nguvu yote ya hilo gari iko magurudumu ya nyuma. Na mvua ya huko kwetu ninaijua. Ukizima traksheni utazika mtu, unanisikia?"

Alisikia. Mwambie mtoto asiguse sufuria, uone atagusa nini.

Miezi saba kabla ya Jumanne ile, mvua ya saa tisa ikinyesha, Ishmael alikuwa akishuka mteremko mmoja karibu na Kebirigo, ametoka harusini, na Anyona yuko kando yake. Anyona alikuwa rafiki yake tangu darasa la tatu, na kazi yake ilikuwa kulifunga gari utepe na maua, maana mikono yake ilijua kupamba. Ishmael alikizima kile kitufe. Mbele ya kona akavuta kibao cha kushoto mara mbili, injini ikapiga kelele, akakanyaga mafuta ili mkia uteleze kidogo tu, kama alivyoona kwenye simu. Jamani, mkia haukuteleza kidogo. Gari lilizunguka, likaparamia ukingo, likabingirika hadi katikati ya shamba la chai. Anyona alirushwa nje, na pale alipoangukia ndipo alipokatia roho.

Wachuma chai walifika wakamkuta Ishmael ameketi kwenye matope, ameshika kifundo cha mkono kilichovunjika. Mmoja akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza: "Nani alikuwa anaendesha?"

Katika pumzi moja Ishmael aliwaza jela, akamwaza Duncan, akamwaza Persis mwenye mimba ya miezi mitano. "Anyona," akasema.

Neno moja tu. Polisi wakaliandika. Mhubiri akalichukua hadi kwenye mazishi, akawaonya vijana mbele ya jeneza: tazameni mwisho wa kiburi cha usukani. Nyakerario, mama yake Anyona, alisikiliza ameinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo, kwenye kituo cha kuuzia chai, wanawake walinong'ona nyuma yake: ndiye yule, mama wa kijana aliyechukua gari la wenyewe akajiua nalo. Na Ishmael? Ishmael alimpelekea sukari na unga kila mwezi, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambariki. Alikuwa anarudi nyumbani baada ya baraka hizo na kushindwa kula.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimuumiza kuliko yote. Katika ukoo wa kina Anyona, mtu akifia njiani, mwili ni kitu kimoja na mwenyewe ni kitu kingine. Mwili hubebwa na gari. Mwenyewe huitwa kwa jina, pale pale alipokuwa ameketi, akaambiwa ainuke, kisha akatembezwa kwa miguu mpaka kwao huku akielezwa njia: hapa ni mto, hapa ni kona, hapa ni kwa fulani. Lazima aitwe kutoka kiti chake. Siku moja kabla ya mazishi, Machogu, baba mdogo wa Anyona, alisimama kwenye chai mbele ya gari lililopondeka akamgeukia Ishmael.

"Ni wewe ulikuwa naye. Alikuwa ameketi upande gani?"

Polisi alikuwa amesimama hapo hapo na daftari lake. Ishmael akaonyesha kulia, kwenye usukani. Machogu akafungua mlango wa dereva, akaita, akatikisa tawi la kumwongoza, na ukoo mzima ukaongozana kwenda nyumbani wakiongea na mtu ambaye hakuwa nyuma yao. Ishmael alijua, akanyamaza, akatembea nao hadi mwisho.

Basi Jumatano, siku ya pili ya kengele ile, akalirudisha gari kwa Obura, fundi wa Suneka aliyekuwa amelitengeneza. Obura ni mtu wa upande wa ziwa, mcheshi, hana imani na kitu asichoweza kukipima kwa mashine. Akaufungua mkanda wa kushoto, kengele ikalia, akachomeka mashine yake chini ya usukani, akaisoma, akaisoma tena.

"Chini ya kiti kuna sensa, ile ya kupima uzito," akasema. "Inasema kuna mtu. Kilo sitini na nane."

Anyona alikuwa akijisifia uzito huo huo tangu wamalize shule.

"Imeharibika," Ishmael akasema.

"Ndiyo, imeharibika. Ngoja niichomoe." Obura akalala chini, akahangaika, akainuka na waya mkononi. Akaonyesha. Na kengele ikaendelea. Ting. Ting. Ting. Obura akautazama waya, akaitazama dashibodi, akazima gari, akachomoa betri kabisa. Kengele ikalia mara tatu zaidi, polepole, kisha ikaacha. Ndani ya gari kukatoka harufu ya majani mabichi ya chai yaliyopondwa, mengi, na udongo uliolowa.

"Ndugu yangu," Obura akasema kwa sauti ya chini, anarudi nyuma. "Mimi hutengeneza magari. Hilo ni jini. Ama ni mtu wako. Na kama ni mtu wako, unamjua."

"Simjui mtu."

"Sijakuuliza. Toa gari hapa, tafadhali. Niko na watoto."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya Ishmael ilikuwa imekwenda miezi saba na bado aliona ina lami mbele. Akamwita mchungaji, gari likaombewa kutoka taa za mbele hadi bomba la moshi. Akaweka Biblia kwenye kiti kile. Asubuhi akaikuta sakafuni, imelowa. Persis akaiona.

"Ishmael," akasema, ameishika kwa ncha za vidole. "Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Ni mvua. Dirisha."

"Dirisha limefungwa."

"Nimesema ni mvua!"

Mtoto akaamka analia. Persis akaiweka Biblia juani ikauke, akaenda kumbeba mtoto, na Ishmael akaona aibu mpaka kwenye masikio.

Jumapili kulikuwa na harusi Suneka, na harusi haisubiri jini. Bibi harusi aliitwa Nyanchera. Kwa kuwa kiti cha nyuma cha gari lile kilikuwa chembamba na gauni lilikuwa pana, ilibidi akae mbele. Ishmael aliomba akae nyuma. Akaomba tena. Mashangazi wakamcheka: ati dereva anaona haya! Wakafungua mlango wa kushoto kwa vigelegele, wakamwingiza bibi harusi na gauni lake lote.

Nyanchera akakaa. Akainuka papo hapo, akagonga kichwa kwenye paa, akatoka amepoteza kiatu kimoja.

"Kuna mtu," akanong'ona. Alikuwa amemshika shangazi yake kwa kucha. "Shangazi, nimekalia mapaja ya mtu."

"Wewe, ni woga wa harusi."

"Ni baridi. Amenishika kiuno, shangazi, ni kama anataka kushuka, alikuwa anataka nimpishe ashuke."

Wakamgeuza. Nyuma ya gauni jeupe, kuanzia kiunoni hadi magotini, kulikuwa na tope jekundu na majani ya chai, mawili na kichipukizi, yamegandamana kwenye lesi. Vigelegele vikakatika. Ishmael hakungoja. Aliingia upande wake, akafunga mlango, akaondoka na utepe ukipepea.

Alitaka kwenda nyumbani, hilo tu, na mpaka Kisii mjini gari lilikwenda vizuri, lakini alipokata kuelekea Kiogoro kibao cha kushoto kikavutika chenyewe, tak, gia ikashuka, injini ikanguruma na gari likaanza kutambaa. Akavuta cha kulia kupandisha. Tak, gia ikashuka tena. Tak. Tak. Watu walisimama kando ya barabara kutazama gari la maana linalopiga kelele nyingi na kwenda polepole kuliko mkokoteni. Akageuza, na alipoelekea upande wa Nyamira gia zikapanda zenyewe, laini, ya tatu, ya nne, ya tano. Ilikuwa saa tisa na mvua ikaanza. Taa ya njano ya gari linaloteleza ikawaka kwenye dashibodi, maana yake traksheni imezimwa, naye akabonyeza kitufe kuiwasha, ikazimika tena, akabonyeza, ikazimika, akakishikilia kidole hapo hapo huku mkono mwingine ukiwa kwenye usukani na kengele ya kiti cha kushoto ikilia bila kupumzika, na harufu ya chai ikijaa mpaka akaionja kooni, na pembeni mwa jicho lake, kwa sababu hakuthubutu kugeuza shingo, ngozi ya kiti ikibonyea na kujaa, ikibonyea na kujaa, ya mtu anayehema kwa hofu, na mteremko wa Kebirigo ukaja, na kona ikaja, na kibao kikavutika mara mbili kama siku ile, na mkia wa gari ukaanza kuondoka chini yake.

"Nitasema!" Ishmael akapiga kelele. "Nitasema, Anyona, naomba, nitasema!"

Injini ikazimika. Gari likateleza kwa upole, likasimama ukingoni, pua yake imeingia kwenye chai. Kengele tu ndiyo iliyobaki.

Kwa kina Anyona hakukuwa mbali, ni kupanda tu baada ya kona. Alimkuta Nyakerario mlangoni mwa jikoni anamenya ndizi, na Machogu ndani ameketi karibu na moto, bado na koti lake la kanisani. Ishmael alilowa chapachapa. Alipofika bila kusema hodi wala jambo, mama akaweka kisu chini.

"Omong'ina," Ishmael akasema, jina la heshima la mama mzee. "Nilionyesha kiti kisicho chake."

Hakuna aliyemuuliza kiti gani. Machogu alisimama, akamsogelea, akainua mkono, na Ishmael akangoja kipigo kwa hamu. Alikitaka. Lakini mama alisema, "Acha," na mkono ukashuka.

"Tulizika mwili," Nyakerario akasema. "Yeye hajafika. Nimewaambia miezi saba kwamba mtoto wangu hajafika, mkaniambia ni uchungu. Kata tawi, twende."

Wakashuka kwenye mvua. Mama akafungua mlango wa kushoto mwenyewe. Kiti kilikuwa kimebonyea.

"Anyona, baba," akaita. "Mama yako amekuja. Inuka twende nyumbani."

Ting. Ting. Ting.

"Anyona. Wamesema ulikuwa unaendesha, na hukuwa unaendesha. Huyu hapa amesema mwenyewe. Inuka."

Kengele haikubadilika. Mama akainama akaisikiliza, mvua inamtiririka usoni. Halafu akamgeukia Ishmael, na hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hatoki. Bado kuna kitu umekikalia. Mwanangu alisema nini mwisho?"

"Mama..."

"Mimi ndimi niliyemzaa. Alisema nini?"

Ishmael hakuwa amemwambia hata Persis. Hata usingizini alikuwa akiamka kabla ya kufika hapo. Ishmael akapiga magoti kwenye tope, akashika mlango wa gari.

"Aliniambia niwashe traksheni. Akasema, Ishmael, washa hiyo kitu, naogopa. Sikuwasha. Akasema, basi nishushe hapa, si kwetu ni hapo juu tu, nitatembea. Akafungua mkanda wake ili ashuke. Hiyo kengele ikaanza kulia."

"Na wewe?"

Mvua ilikuwa ikipiga paa la gari.

"Nilicheka," Ishmael akasema. "Nilicheka, mama, nikavuta gia."

Kengele ikakoma. Ngozi ya kiti ikainuka polepole, ikajaa, ikanyooka. Kwenye tope karibu na mlango kukachorwa unyayo mmoja, kisha wa pili, na maji yakajaa ndani yake. Nyakerario akatoa sauti ndogo ambayo Ishmael hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, akanyoosha mkono, akashika kitu kwenye hewa, karibu na mahali ambapo kiwiko cha kijana kingekuwa.

"Haya baba. Hapa ni ukingo, inua mguu. Hapa kunateleza. Hapa ni kona. Hapa ni kwa Nyamongo, walijenga upya, usishangae." Akapanda kilima akiongea hivyo, tawi mkononi, bila kugeuka nyuma. Ishmael akasikiliza mpaka sauti ikapotelea kwenye chai.

Machogu alibaki. Alikuwa amevua kofia.

"Wewe usitufuate," akasema. "Kituo cha polisi unakijua. Nenda kwa miguu, useme jina lake kwanza, halafu useme lako."

"Ndiyo, omogaka, mzee wangu."

"Na mke wako asisikie kutoka kwa watu wengine. Mpigie simu sasa."

Akampigia. Ilikuwa simu fupi. Persis alilia, kisha akasema anakuja kituoni na mtoto, yeye akate simu aende. Ishmael akafunga milango yote miwili, akaweka funguo kwenye kiganja cha Machogu, mzee akaenda zake juu. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba kifua cha Ishmael kilipata hewa. Akashika barabara ya kuteremka, mvua ikipungua.

Hakuwa amepiga hatua ishirini aliposikia. Nyuma yake, ndani ya gari tupu lililofungwa, kwenye upande wa usukani, mtu alicheka. Kicheko kifupi cha puani, cha kijana anayejiona hodari mbele ya rafiki yake. Ishmael hakugeuka. Alikijua. Kilikuwa chake, cha siku ile, na hicho hakuna aliyekuja kukiita.